Kuume, kushoto: penseli ndani ya tumbo la meli

Ilifika Goma usiku, na boti ya Bukavu, imefungwa ndani ya boksi la sabuni na kuzungushiwa kitenge cha zamani. Mama mmoja wa huko, aliyeituma niitengeneze, alikuwa ameandika juu ya boksi kwa kalamu nene: USIPINDUE. Asubuhi niliifungua juu ya meza yangu pale Birere, ninapotengeneza simu. Kwanza lilitoka vumbi, kisha fundo la nyuzi nyeusi kama kiota cha ndege. Chini ya kiota ndipo ilipokuwa meli, yaani mfano mdogo wa meli ya kweli.

Milingoti mitatu, wa katikati umevunjika. Ubavu wa kushoto umebonyea kama sufuria iliyokanyagwa, mbao saba zimepasuka. Rangi nyeupe imegeuka manjano kama meno ya mvuta sigara. Nilipima kutoka ncha ya mlingoti wa mbele ulalao hadi mwisho wa nyuma: sentimita 78. Kwenye tako la meli zilikuwa zimebaki herufi nne za shaba, M, C, T na R, na mashimo ya misumari mahali pa herufi zilizodondoka.

Mlingoti wa mbele tu ndio uliokuwa na miti ya kukingama, ile inayobeba matanga ya mraba. Miwili ya nyuma ilijengwa kwa matanga yanayofuata urefu wa meli. Ukiunganisha hilo na zile herufi nne, jibu linakuwa moja: Mercator, meli ya Ubelgiji ya kufundishia mabaharia vijana, iliyoundwa Leith huko Uskoti na kuingizwa majini mwaka 1932. Aliyesimamia mchoro wake ni Adrien de Gerlache, yule aliyeongoza safari ya Belgica kwenye barafu ya kusini mwa dunia kuanzia mwaka 1897. Mercator ya kweli ina urefu wa mita 78 hivi, kwa hiyo iliyokuwa mezani kwangu imepunguzwa mara mia moja barabara. Ya kweli ni ya chuma. Hii ni ya mbao tupu.

Nilikuwa naijua kwa sababu mbili. Ya kwanza, ndiyo iliyobeba mwili wa Padri Damien, mhudumu wa wakoma wa kisiwa cha Molokai huko Hawaii, ulipokuwa unarudishwa Ubelgiji mwaka 1936, na hadithi hiyo tuliisimuliwa katekesi. Ya pili, iliwahi kuja kwetu. Wakati wa vita ya pili ya dunia ilikimbilia Boma, karibu na mdomo wa mto Kongo, ikakaa huko hadi mwaka 1943 ilipokabidhiwa jeshi la maji la Uingereza. Leo imetia nanga Oostende, huko Ubelgiji, watu wanalipa tiketi kuipanda.

Mama aliniambia kwenye simu kwamba chombo kiliachwa na Wabelgiji. Nyumba nzima iliamini hivyo. Nami niliamini.

Kutengeneza mfano wa meli wa zamani si sawa na kutengeneza mpya. Mpya ni wako, ukikosea unatupa kipande na kukata kingine. Wa zamani una mwenyewe, hata kama amekufa. Kanuni niliyojifunza kwa watu wa kazi hii ni kwamba usiongeze kitu ambacho fundi wa kesho hataweza kukiondoa. Ndiyo maana gundi iliyochemshwa kutoka ngozi na mifupa ya wanyama bado inapendwa: ukiipasha maji ya moto inaachia, bila kung'oa mbao. Gundi za haraka za madukani hazirudi nyuma. Na uchafu wa miaka mingi unaondolewa kwa pamba iliyozungushwa kwenye kijiti na kuloweshwa mate, mate ya mdomo wako mwenyewe. Watu wa makumbusho wanafanya hivyo hadi leo, kwa sababu mate yana uwezo wa kuyeyusha uchafu na hayachomi rangi. Nilitumia siku nne kusafisha ubavu wa kuume peke yake. Kinywa kilikauka nikawa nakunywa maji kama mtu wa jangwani.

Nanga ndizo zilizonitisha. Zilikuwa mbili, za risasi, nakusudia yale madini na si ya bunduki, na zote mbili zilikuwa zimegeuka unga mweupe. Nilipoigusa ya kwanza kwa kibano ilimomonyoka. Mbao nyingi, na gundi pia, hutoa mvuke wa asidi kidogo kidogo, asidi ileile iliyomo kwenye siki. Meli ikifungiwa ndani ya kisanduku cha kioo kisichopumua, mvuke unajikusanya na kula risasi mpaka inakuwa chaki. Mifano mingi ya meli imepoteza nanga, mizinga na mashua ndogo kwa njia hiyo, mbele ya macho ya wenyewe. Unga ule ni sumu. Haupeperushwi kwa pumzi wala kufagiliwa. Unapanguswa kwa kitambaa chenye maji, umevaa glavu na barakoa, na watoto wako nje.

Basi nikaanza na ubavu uliobonyea. Mbao za ubavu zinatoka moja moja, kuanzia juu. Nilipoondoa ya nne, tundu likawa la kutosha kuingiza kile kitaa chembamba ninachokagulia tumbo la simu. Nikaangaza ndani.

Mataruma, yaani zile mbavu zinazosimama juu ya mkuku, uti wa mgongo wa meli, na kushika umbo lote, yalikuwa yameandikwa namba kwa penseli, kutoka 1 mbele hadi 17 nyuma. Karibu na namba 1 paliandikwa *mbele*. Karibu na 17, *nyuma*. Na kwenye kila ubavu, kwa herufi ndogo zilizolala kidogo: *kushoto* upande mmoja, *kuume* upande wa pili.

Nilizima kitaa, nikakiwasha tena.

Mtu wa pwani huenda angeandika *kulia*. Huku kwetu ni *kuume*, ndivyo bibi zetu wanavyotuelekeza njia, mkono wa kuume. Na Mbelgiji hawezi kuandika *kuume* mahali ambapo hakuna atakayepasoma isipokuwa yeye mwenyewe. Mikono ikiwa na gundi na akili ikiwa kwenye kipimo, mtu anaandika lugha anayofikiria nayo.

Nikampigia mama Bukavu.

"Mama, shikamoo. Hii meli haikutengenezwa na mzungu."

Akanyamaza. Nilisikia kuku nyuma yake.

"Baba mkwe alikuwa seremala," akasema. "Alijifunza kwa mapadri. Lakini alikuwa anatengeneza viti, mwanangu. Viti, milango na masanduku ya wafu."

Akaomba picha. Nikamtumia. Saa moja baadaye akanirudishia picha ya daftari la vipimo vya milango, limeliwa na mende pembeni, na mstari mmoja ameuzungushia wino mwekundu. Neno lilikuwa *kushoto*. Herufi *k* ilikuwa na mguu mrefu unaoteleza chini ya mstari, sawasawa na ile ya ndani ya meli. Hakuandika kitu kingine chini ya picha ile. Usiku akanipigia yeye, akaongea karibu saa nzima juu ya mzee yule, alivyokuwa anajifungia Jumapili mchana baada ya misa na watoto kukatazwa kugusa mbao zake. Jina lake silitaji hapa, ni la familia. Liko kwenye karatasi itakayobandikwa chini ya kisanduku, na ni mama aliyeliandika kwa mkono wake.

Tangu siku ile sikuweza tena kufanya kazi kwa maneno ya Kifaransa. Nilikuwa nimejifunza yote kwa Kifaransa, *misaine* na *drisse* na mengine, kwa sababu michoro niliyopata ilikuwa ya Kifaransa. Lakini fundi mwenyewe alikuwa amefikiri kwa Kiswahili, na mimi kurudi ndani ya kazi yake na lugha nyingine niliona ni kama kuingia nyumba ya mtu bila kupiga hodi. Nikaanza kutafuta maneno. Nilidhani nitakwama. Sisi ni watu wa bara, kutoka hapa hadi Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita elfu, na kwenye ziwa Kivu tunajua makasia na mashine za kusukuma boti, pamoja na zile mitumbwi mitatu ya wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Tanga hatulijui.

Kumbe maneno yote yapo. Mti unaobeba tanga ni foromali. Kamba ya kulipandisha, ile *drisse*, ni jarari. Ya kulivuta pembe lishike upepo ni demani. Mbele ya chombo ni omo, nyuma ni tezi, na chini kabisa, maji machafu yanapojikusanya, ni ngama. Mlingoti mdogo wa nyuma ni wa galmi. Na ule ulalao mbele kabisa, uliojitokeza juu ya bahari, unaitwa mlingoti wa maji, na sijaona lugha iliyoupa jina zuri kuliko hilo. Waswahili wa pwani hawakuazima majina haya juzi. Walikuwa na mtepe, jahazi lililoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari hata mmoja, wakasafiri nalo karne na karne.

Lugha hii ilipanda huku kwetu kwa miguu, na misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Hilo lisemwe wazi, maana ilipita Nyangwe na Kasongo, vituo vya misafara hiyo, ikiwa na minyororo. Hata tanga lilipanda nayo. Mwaka 1858 Speke, msafiri Mwingereza, alipofika ziwa Tanganyika, alivuka ziwa hadi kisiwa cha Kasenge, upande wa Kongo, kwenda kuomba kukodi jahazi la mfanyabiashara Mwarabu, na akalikosa. Ina maana kabla ya mzungu wa kwanza kuweka mguu ufukwe ule, tanga lilikuwa tayari limepigwa na upepo wa Kongo. Kisha sisi tukabaki na lugha, bahari yake ikabaki nyuma. Maneno yenyewe hayakupotea. Yamekaa chini, ngamani.

Neno moja tu ndilo lililofika kwetu likiwa na maana nyingine, nalo ni *matanga*. Ukisema matanga Goma, mtu anauliza nani amekufa.

Sasa niseme juu ya mbao, maana hapo ndipo penye utamu.

Nilihitaji mbao saba, kila moja unene wa milimita moja na upana wa milimita nne. Nilikwenda kwanza kwa fundi wa chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, nikijua ana vipande vya mkaratusi vingi. Mkaratusi ni mti wa kubeba viazi magunia manne kutoka Kibumba, ni mti wa kazi, lakini nyuzi zake ni nene na zinajisokota, na ukizipunguza mara mia zinaonekana kama magogo. Fundi akanitazama, akashika kile kipande cha zamani nilichokuja nacho, akakikwaruza kwa ukucha, akanusa.

"Hii sipre, kaka. Tafuta benchi la zamani."

Alikuwa amesema kweli. Sipre ya milimani, iliyokauka miaka, ina nyuzi laini zilizonyooka, na ukiikata inanukia kama sakristia. Nilipata mguu wa benchi kwa jirani, nikaupasua kwa msumeno mdogo.

Mbao hazikubali kupinda zikiwa kavu. Nilizilaza kwenye maji ya moto nusu saa. Kisha nilichukua solda, ileile ninayounganishia simu, nikaikaza kwenye jiti, nikaivalisha kipande cha bomba la shaba la unene wa kidole gumba. Bomba likipata moto unaweka mbao juu yake, unabonyeza polepole kwa vidole viwili, na mvuke unatoka *tsss*. Mwanzoni mbao inakataa. Halafu kuna dakika, huwezi kuikosea, unapoisikia inakubali chini ya vidole, kama mtoto aliyekuwa amekaza mwili na usingizi ukamchukua. Kile kinachoshikamanisha nyuzi za mti kimelainika. Hapo unaacha kubonyeza, unasubiri, unaiondoa, nayo ikipoa inabaki na umbo. Ukiharakisha inavunjika upande wa nje. Ukichelewa inaungua upande wa ndani, unapata mstari mweusi ambao hata msasa hautoi.

Halafu kuna upana. Tumbo la meli ni pana katikati na jembamba omo, lakini idadi ya mbao ni ileile pande zote. Kwenye hii, katikati ya ubavu ni milimita 88, yaani mbao 22 za milimita nne. Omo ni milimita 55 tu. Kwa hiyo kila mbao inachongwa mpaka iwe na milimita mbili na nusu mbele, kwa wembe, ikipungua taratibu bila ngazi. Mzee yule alikuwa amefanya hivyo mara 44, pande mbili, na nilipopima zake kwa kipimo changu cha dijitali, zilipishana kwa upana wa unywele. Seremala wa viti na milango.

Mtoto wa dada yangu, ana miaka tisa, huja dukani baada ya shule. Alikaa akitazama mbao ya tano ikiingia mahali pake, akauliza swali ambalo kila mtu huuliza.

"Mujomba, hii boti itaenda juu ya maji?"

Nikamwambia hapana, hii ni ya kutazama, ndani hakuna uzito wa kuishika wima. Ingelala ubavu mara moja. Akataka kujua kwa nini, nikamweleza Vasa. Waswidi waliiunda kwa ajili ya mfalme wao, mizinga mingi juu, tumbo jembamba chini. Kabla ya safari walijaribu kwa kukimbiza watu 30 kutoka ubavu hadi ubavu, meli ikayumba vibaya mpaka jaribio likasimamishwa. Bado wakaiachia. Tarehe 10 Agosti 1628, bandarini Stockholm, ilikwenda mita 1,300 hivi, upepo ukaiinamisha, maji yakaingia kwenye madirisha ya mizinga, ikazama mbele ya watu waliokuja kuishangilia. Ilikuwa na tani 120 za mawe chini, na hazikutosha. Ilitolewa mwaka 1961, baada ya miaka 333.

Nilimweleza hayo Septemba 2024. Tarehe 3 Oktoba boti iliyotoka Minova ikapinduka mbele ya Kituku, bandari ndogo ya hapa Goma, karibu sana na nchi kavu, watu wakiitazama kutoka ufukweni. Barabara ya Sake ilikuwa imefungwa na vita, na kila mtu na kila gunia lilikuwa linapita ziwani. Nilikuwa dukani niliposikia makelele ya pikipiki zikikimbilia huko. Siku zilizofuata niliona viatu kwenye mchanga wa Kituku, na wanawake wamekaa chini wanangoja.

Yule mtoto hakuuliza tena. Mimi niliifunika meli kwa kile kitenge, na kwa wiki nyingi sikuigusa. Sikuweza kushika tumbo la chombo, hata la sentimita 78, bila kuhesabu kichwani uzito uko wapi. Watu wanasema ajali kama ile ni mapenzi ya Mungu. Mimi sikubali. Uzito unapimwa. Wenye Vasa walipima, wakaona, wakanyamaza, na boti zetu mara nyingi hazipimwi kabisa.

Januari 2025, mapigano yalipoingia mjini, niliilaza chini ya kitanda ndani ya blanketi, tukalala sakafuni tukiwa upande wa kuta nene. Umeme ukakatika, maji yakakatika. Nilipoitoa, foromali moja ilikuwa imechomoka. Hilo tu.

Sasa ubavu umefungwa. Sikupaka rangi mbao mpya zifanane kabisa na za zamani. Niliacha tofauti ndogo, mtu akiinama karibu aione. Mbao moja, ya nne kutoka juu, niliitia pini mbili za shaba badala ya gundi ili ifunguke. Nilimuuliza mama kwanza. Akasema, "Iache ifunguke. Wajukuu wake hawajui mwandiko wake."

Nanga nimezichonga upya kwa shaba. Za zamani, yaani unga wake, ziko kwenye chupa iliyofungwa na kuandikwa SUMU. Kisanduku cha kioo kimenitesa zaidi ya nilivyotegemea. Nyumba yetu imekaa juu ya jiwe la volkano la mwaka 2002, na vumbi lake jeusi linaingia kila mahali, hata ndani ya simu zilizofungwa kwa skrubu. Ukiacha kisanduku wazi, meli itakuwa nyeusi kabla ya Noeli. Ukikifunga kabisa, mvuke utaanza tena kazi yake. Fundi wa vioo amenitobolea matundu sita chini ya kitako, nami nimeyafunika kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara tatu.

Zimebaki kamba. Kamba ya kweli ya milimita 30 hapa inakuwa ya milimita 0.3, na dukani hakuna uzi wa namna hiyo wenye msokoto wa kamba. Nasokota mwenyewe, nyuzi tatu za pamba za mshonaji, kwa mota ya redio kaseti iliyokufa, kisha napitisha kila moja kwenye nta ya nyuki ili isiote vinyweleo wala kunywa unyevu wa ziwa. Unaanza na zile zinazoshikilia milingoti isitikisike, kisha ndipo zile zinazotembea. Ukigeuza utaratibu, vidole havitapita tena. Vifundo vya ngazi za kamba kwenye mlingoti wa mbele pekee ni zaidi ya mia mbili, na mtoto wa dada amejifunza kuvifunga. Amerudi tangu Pasaka. Vidole vyake vinapita mahali ambapo vyangu havifiki, na anahesabu kwa sauti.

Jana jioni, kabla umeme haujakatika, tulipitisha jarari ya kwanza kwenye kapi yake, kile kigurudumu cha kupitishia kamba. Nilimwambia avute taratibu. Foromali ikapanda, ikasita kidogo kwenye fundo la tatu, ikapanda tena hadi juu.

"Kuume imeshuka kidogo, Mujomba," akasema.

Nikaifungua, tukaanza tena.